Labda Ni Mbweha wa Dar

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu, maana anayewanyooshea wenzake kidole bila kujigusa kifua chake kwanza ni mnafiki tu. Mimi nimewahi kuandika uongo kuhusu mnyama, nikalipwa, nikanunua viatu. Viatu vimeshaisha soli. Uongo bado upo, umechapwa, una jalada la rangi, na watoto wanausoma.

Baada ya kukiri ndipo nitawageukia ninyi, waandishi wenzangu wa mjini, tunaokaa kijiweni tukibishana nani kaandika nini. Nina ugomvi na ninyi. Nina ugomvi pia na wahariri wetu. Lakini kwanza sikilizeni ilivyokuwa.

Novemba mwaka 2018 nilipanda basi la alfajiri kutoka Dar hadi Arusha, na kesho yake nikabanana kwenye gari dogo la abiria mpaka Longido, kwenye ile barabara ya kwenda Namanga. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anafundisha shule ya msingi huko. Tangu ahamishiwe alikuwa hachoki kunipigia simu: "Mdogo wangu, wewe si unajiita mwandishi? Njoo basi uone nchi." Nikaenda. Kamera niliazima kwa mshikaji wangu mmoja wa Sinza anayepiga picha za harusi. Aliniambia bila kuficha: "Jumamosi nina kazi. Isiporudi Ijumaa, mimi na wewe tusijuane."

Nilikuwa nataka nini? Nilikuwa nataka picha ya kalenda. Twiga, nyuma yake mlima, jua linazama. Na kama Mungu angependa, simba. Kwa sababu hizo ndizo picha tulizokua nazo ukutani, na zote zilipigwa na wageni.

Kaka akanikabidhi kwa jirani yake, mzee mmoja mfugaji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa Dar? Unatafuta nini?"

"Simba, mzee. Nataka nimpige picha."

Akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Ukimwona huyo hutapiga picha. Utapiga kelele."

Halafu akanionyesha, mbali kidogo na njia ya ng'ombe, uwanda wenye majani mafupi. Akasema pale kuna shimo la yule wa masikio, na sasa ana watoto. "Nenda ukae upande ule usikotoka upepo. Kaa chini, nyamaza, usimfuate. Ukimfuata utaona mkia."

Nikaenda. Nikalala kifudifudi nyuma ya kichuguu kilichobomoka, siafu wananipitia kwenye suruali, nami najikaza kiume. Saa kumi na moja. Saa kumi na moja na nusu. Nikaanza kumlaumu mzee moyoni. Mara nikaona ncha mbili nyeusi zinachomoza kwenye majani, nikadhani ni vijiti. Kumbe masikio.

Kitabuni anaitwa bweha masikio, na ukimwona hutauliza kwa nini. Ni mnyama mdogo, kilo tatu mpaka tano hivi, miguu myeusi, uso kama kavaa barakoa nyeusi, mkia mnene. Lakini masikio, bwana! Marefu kama sentimita 12, kwenye kichwa kidogo vile, utadhani aliazima kwa mnyama mwingine akasahau kurudisha. Walitoka wakubwa wawili. Mmoja akajinyoosha, akaondoka zake uwandani. Wa pili akabaki, na nyuma yake wakatoka watoto wanne wakaanza kung'atana mikia. Yule aliyebaki akakaa kitako akiwaangalia, kama mtu aliyeachiwa watoto barazani.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba aliyeondoka alikuwa mama na aliyebaki alikuwa baba. Ndivyo maisha yao yalivyo. Mama ananyonyesha, kwa hiyo usiku inampasa azunguke atafute mchwa wa kutosha apate maziwa. Baba ndiye anayekaa na watoto: anawalinda, anawasafisha, anacheza nao, na wakikua kidogo anawafundisha kutafuta chakula. Chakula chenyewe ni mchwa wanaokata nyasi, wadudu wanaoviringisha mavi ya ng'ombe, panzi, na mabuu yaliyofukiwa ardhini. Anayasikia! Anainamisha masikio chini, anasikiliza wadudu wanavyotembea ndani ya udongo, halafu anachimba palepale. Ana meno 46 mpaka 50, mengi kuliko mnyama mwingine yeyote wa jamii ya mbwa, na yote madogomadogo, ya kusaga wadudu.

Haya sikuyajua jioni ile. Jioni ile nilijua tu kwamba baba mtu ameinuka na anakuja kwangu.

Alikuja taratibu, kichwa chini, masikio yametangulia kama madishi mawili ya televisheni. Hakuwa ananiona. Ng'ombe walikuwa wamepita pale mchana, na mavi yao yalikuwa yametapakaa mbele ya kichuguu changu. Hatua kumi. Hatua saba. Akafika hatua nne, akasimama, akainamisha sikio moja, akachimba kwa haraka, akatafuna. Nilimsikia anavyotafuna, kama mtoto anayekula bisi gizani.

Nikabonyeza. Kamera ya harusi ikalia kwa mlio wake wa kujivuna, *kacha!*, na masikio yote mawili yakalala nyuma. Akatoa sauti moja ndogo, nzito. Sikuona watoto wakikimbia. Niliona tu kwamba hawapo.

Yeye hakukimbia. Alirudi nyuma hatua chache, akasimama kati yangu na lile shimo, akageuka akanitazama. Mimi nina kilo sitini na nane na kamera ya watu. Yeye ana kilo nne na watoto. Nawaambieni ukweli, aliyekuwa anatetemeka ni mimi.

Picha nilizopata? Sikio moja, nusu ya jicho, na majani mengi. Kesho yake tukarudi na mzee. Shimo tupu. Mzee hakunigombeza. Aliinama, akaangalia nyayo, akasema, "Wamehama. Wana mashimo mengine." Nilitamani angenigombeza.

Sasa tuje kwenye uongo.

Nilirudi Dar nikaandika hadithi ya watoto. Niliita *Baba Masikio*. Mbweha anayebaki na watoto, anayesikiliza ardhi, anayesimama mbele ya jitu lenye jicho moja linalolia kacha. Nikampelekea mhariri mmoja, simtaji, hata mtaa wa ofisi yake sitaji. Baada ya wiki tatu akaniita. Akanikaribisha soda. Akasema, "Kijana, lugha unayo. Lakini huyu ni mbweha gani asiyekuwa mjanja? Watoto wote wanajua mbweha ni mjanja, mwizi wa kuku. Halafu funzo liko wapi?"

Ningeweza kubisha. Nilikuwa nimelala chini na siafu kwa ajili ya mnyama yule. Lakini kodi ya chumba ilikuwa imefika, na soda ilikuwa ya baridi. Nikasema, "Sawa mzee, nitarekebisha." Usiku mmoja tu ulinitosha. Baba Masikio akawa Mbweha Mjanja. Anaingia boma la wafugaji, anamdanganya jogoo, anaiba kuku, mwisho anakamatwa, na funzo likapatikana: tamaa mbele, mauti nyuma. Kitu kimoja tu nilishindwa kukifuta. Niliyaacha masikio. Na mchoraji, Mungu amsamehe, akayachora vizuri sana.

Kitabu kikatoka. Kaka akanunua nakala kumi kwa fedha yake, akazipeleka darasa la nne. Wakasoma kwa zamu. Walipomaliza, binti mmoja akanyosha mkono.

"Mwalimu, huyu mbweha ni wa wapi?"

"Kwa nini unauliza?"

"Wa kwetu hali kuku."

Darasa likanyamaza. Halafu mvulana mmoja wa nyuma akasaidia: "Labda ni mbweha wa Dar."

Kaka alinipigia simu jioni akicheka mpaka anakohoa. Mimi sikucheka. Mpaka leo, kati ya yote yaliyosemwa kuhusu maandishi yangu, hakuna uhakiki ulionipata sawasawa kama ule wa kijana wa darasa la nne. Labda ni mbweha wa Dar. Ni kweli. Alizaliwa Dar, juu ya meza, kwenye chumba kisicho na dirisha la kuangalia chochote.

Ndugu zangu, huyo mbweha wa Dar tunaye sote. Fungueni madaftari yenu. Kuna simba mfalme, kuna fisi mlafi, kuna bundi wa uchawi, kuna mbweha mjanja. Ni nani kati yetu amewahi kukaa saa moja nzima na mmoja wao? Tunaandika wanyama tuliowakuta wameshaandikwa. Na huyu mbweha ni kesi mbaya zaidi, kwa sababu hata ujanja wake si wa kwetu.

Angalieni hadithi za zamani za Waswahili. Zile ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870 zipo mpaka leo, kila mtu anaweza kuzisoma. Mwerevu humo ni nani? Ni sungura anayemchezea simba. Ni kima anayemwambia papa kwamba moyo wake kauacha nyumbani. Ni paa anayemtoa masikini jaani na kumfanya Sultani Darai. Mbweha mjanja wa shuleni alitufikia kwa njia nyingine, kwenye vitabu vya kutafsiri, akitokea kwa Aesop na Ulaya. Mfasiri alihitaji jina la mnyama yule mwekundu wa Ulaya, akatafuta aliye karibu, akampata mbweha. Tangu siku hiyo mbweha wetu anabeba kesi ya mwenzake.

Tena jina lenyewe limejaa watu. Yupo bweha ambaye kweli anaweza kumbeba mwanambuzi, wafugaji wanamjua. Yupo huyu wa masikio anayekula mchwa. Sisi wa mjini tunawaita wote mbweha na kuwatia rumande moja. Yule mzee wa Longido hawezi kuwachanganya hata gizani.

Najua mtasema nini, maana mmeshaniambia. La kwanza: "Acha ubishi, mtu wangu, hadithi ni hadithi. Sungura naye anaongea? Anavaa kofia?" Haya, tumchukue sungura. Sungura wa hadithi ni mdogo, hana pembe, hana meno ya kutisha, kila mtu anataka kumla, na bado yupo. Aliyempa akili katika hadithi alikuwa amemwona porini akiwapiga chenga mbwa, anakata kushoto, anakata kulia, anapotea. Aliangalia kwanza, ndipo akatunga. Hata Aesop na watu wake walimjua mbweha wao, alikuwa anawaibia kuku kweli. Uongo wa hadithi yao umesimama juu ya ukweli wa macho. Sisi tumeazima uongo, macho tukayaacha. Hapo ndipo ninapogombana nanyi. Mnyama wa hadithi aongee, avae suti, apande daladala, sawa tu, lakini yule mtoto wa Longido akimtazama amtambue.

Msidhani ugonjwa huu ni wa waandishi tu. Wapiga picha nao wanao, tena wakubwa. Mwaka 2009 mashindano makubwa ya London ya picha za wanyama wa porini yalimpa ushindi José Luis Rodríguez wa Hispania. Picha yake ilimwonyesha mbwa mwitu wa Ulaya akiruka geti la zizi usiku. Picha kali, si mchezo. Jina lake, kwa Kiswahili, ni mbwa mwitu wa kitabu cha hadithi. Januari 2010 ushindi ukafutwa. Majaji walifikia uamuzi kwamba kuna uwezekano mkubwa mnyama yule alikuwa wa kufugwa, aliyezoeshwa. Mpiga picha alikana. Mimi sikuwepo, siwezi kuongeza neno juu ya hilo. Ninachojiuliza ni kwa nini picha ile iliwapendeza watu kiasi kile mwanzoni. Nadhani ni kwa sababu ilifanana na hadithi waliyokuwa nayo kichwani tangu utotoni: zizi, usiku, mwizi anaruka. Mhariri wangu na soda yake alikuwa anataka picha hiyohiyo. Na mimi niliyekuwa nimemwona mnyama halisi nikampigia picha ya uongo kwa kalamu.

La pili mtasema: "Sisi tuna shida zetu, bwana. Kodi, ajira, foleni, umeme. Mambo ya mbweha ni ya watalii." Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu tumelikubali bila kupigana. Kumwangalia mnyama kumekuwa kazi ya mgeni mwenye kofia, na sisi kazi yetu ni kuendesha gari, kupika, na kusema hakuna matata. Kiingilio cha hifadhi kwa mwananchi ni kidogo ukilinganisha na cha mgeni, gari ndilo linalotushinda. Sikatai. Lakini mimi Longido sikuingia hifadhi yoyote, sikukodi gari. Nililala chini.

Na kama nauli ya Longido ni noma, basi toka nje ya mlango wako. Yule kunguru anayekupora chapati Kariakoo, unamjua? Si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, akazaana, akavuka bahari, sasa anakula mayai na makinda ya ndege wengine mpaka bara. Hiyo ni riwaya nzima imekaa juu ya waya wa umeme inakutazama. Wangapi tumeiandika? Tunaandika tai, maana tai yuko kwenye nembo za wenzetu.

La tatu, na hili linasemwa na wahariri: "Funzo liko wapi?" Wakubwa zangu, shikamooni. Mnataka funzo? Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa, virusi ambavyo wataalamu wanaviita distempa, uliingia Serengeti. Uliua karibu theluthi moja ya simba wa huko, wapatao elfu moja. Fisi walikufa, na bweha masikio nao walikufa. Ugonjwa ulihusishwa na mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, mbwa wetu hawa tunaowaacha wazurure bila chanjo. Kichaa cha mbwa nacho kimewaua bweha masikio kwa njia hiyohiyo. Basi nani mwizi katika hadithi hii? Nani kaingia boma la mwenzake? Mnyama wa kilo nne anayekula mchwa, anayelea watoto wake na mkewe, anakufa kwa ugonjwa aliotoka nao mbwa wa nyumbani kwetu, halafu sisi tunakaa mezani tunamwandikia kesi ya kuku. Na boma likiwa na hasira ya kuku na mbuzi, sumu ikiwekwa porini, sumu haiulizi kama wewe ni bweha yupi.

Ndiyo maana nasema uongo wangu si mdogo. Nilimfundisha mtoto anayemjua mnyama kwamba kitabu kinajua zaidi. Yule binti alinyosha mkono, Mungu ambariki. Wangapi hawanyoshi? Wangapi wanaosoma uongo kuhusu kijiji chao wakafikiri macho yao ndiyo yenye kosa?

Basi wenzangu, nawaomba jambo moja, si makubwa. Kabla hujaandika mnyama, mti, au mvua, nenda ukae navyo. Kaa chini, nyamaza, usimfuate. Acha simu mfukoni kwanza. Kama una kamera, jua kwamba mlio wake nao una gharama. Mimi nilihamisha familia ya watu sita kwa ajili ya picha ya sikio. Ukirudi, andika ulichokiona, hata kama hakina mjanja wala mjinga.

Nanyi wahariri, mkiletewa hadithi ya mnyama, badala ya kuuliza funzo liko wapi, ulizeni: "Umemwona wapi?" Akishindwa kujibu, mrudishieni karatasi zake na nauli kama mnayo.

*Baba Masikio* nimeiandika upya. Haibi mtu, haidanganyi mtu, mbweha anakaa na watoto wake mpaka mama anarudi alfajiri. Sijampelekea mhariri yeyote. Nimeituma kwanza Longido, kwa kaka, na nimemwomba amtafute yule binti, sasa ni mkubwa, aisome yeye kabla ya mtu mwingine. Nimemwambia kaka asimwelekeze chochote. Amwulize swali lake mwenyewe tu, kwamba huyu mbweha ni wa wapi. Nangoja simu.